Maana na matumizi ya ‘payment due on receipt’ katika ankara

FUNDI mmoja wa samani, mwenye karakana yake katika vichochoro vya Mji wa Kale kisiwani Mombasa, aliwahi kungoja malipo kwa miezi minne kwa sababu ya neno moja la Kiingereza. Alikuwa amechonga vitanda sita vya besera kwa ajili ya hoteli moja ya pwani, akavifikisha, akavifunga vyumbani, kisha akamwachia karani wa hesabu ankara ya shilingi 186,000 aliyopigiwa chapa na mpwawe. Chini ya ankara hiyo, kwa herufi nzito, paliandikwa: “Payment due on receipt”.

Mpwa alikusudia kusema kwamba pesa zilipwe mara ankara ifikapo. Karani alisoma vingine. Kwake yeye “receipt” ni risiti, kile kikaratasi ambacho muuzaji humpa mnunuzi. Basi akafahamu kwamba hoteli itapaswa kulipa pindi fundi atakapoleta risiti. Akaitia ankara katika faili na kuendelea na shughuli zake. Fundi alipokwenda kuulizia mwezi wa pili, aliambiwa wahusika hawapo. Mwezi wa tatu akaambiwa faili haijakamilika. Ilikuwa mwezi wa nne ndipo karani alipomwambia kwa upole, “Ami, sisi twangoja risiti yako.” Mzee akashangaa: “Risiti ya pesa gani, mwanangu, nami sijapawa hata thumuni?”

Mwandishi wa makala haya alionyeshwa ankara hiyo barazani, baada ya mambo kutengenea. Hapakuwa na aliyekusudia kudhulumu. Hata hivyo, kufikia siku ile mwenye duka la mbao alikuwa amekwisha kumfungia fundi mkopo, na vijana wawili wa karakana walikuwa wamekwenda kutafuta kibarua Kilindini.

Kauli hiyo ya maneno manne huonekana katika ankara nyingi zinazoandikwa kwa Kiingereza, iwe ni za muuza vipuri, mpishi wa karamu au wakala wa kutoa mizigo bandarini. Wengi huinakili kutoka kwa ankara ya mtu mwingine. Inafaa basi kujua inasema nini, na inanyamaza wapi.

Neno moja, maana mbili

Neno “receipt” katika Kiingereza lina maana mbili zilizo jirani. Ya kwanza ni kitendo cha kupokea. Ya pili ni karatasi inayothibitisha kwamba kitu, hasa pesa, kimepokewa. Katika “payment due on receipt” inayokusudiwa ni ile ya kwanza: malipo yanapasa pale ankara inapopokewa. Asili ya neno ni Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kupokea, na liliwafikia Waingereza kupitia Kifaransa. Ile herufi “p” isiyotamkwa ilichomekwa baadaye na waandishi waliotaka neno lifanane na Kilatini chake, na tangu hapo imewasumbua wanafunzi wa kila taifa. Ikumbukwe pia kwamba “e” hutangulia “i”. Kosa hilo la tahajia ni dogo, lakini huonekana sana katika vitabu vya risiti vinavyochapishwa mitaani.

Anayeona ajabu kwamba neno moja libebe kitendo na karatasi kwa pamoja na alitazame neno letu “stakabadhi”. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushika au kupokea mkononi. Mzizi huo huo ndio uliotupa “kukabidhi”, yaani kukitia kitu mikononi mwa mwingine, na “makabidhiano”. Wazee wa Mombasa walilijua pia neno “kabidhi” kama sifa ya mtu bahili, yule ambaye mkono wake ukishashika haufunguki. Kwa hivyo stakabadhi, kwa chimbuko lake, ni kupokea. Kuwa kwake karatasi kulikuja kwa mazoea ya biashara. Neno “risiti” lilipoingia katika Kiswahili kutoka kwa Kiingereza liliingia na maana ya karatasi peke yake. Ndiyo sababu msomaji anayefikiri kwa Kiswahili akikutana na “receipt” huona karatasi kwanza, na mara nyingi haendi mbali zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kumtetea karani yule. Kenya ilipoanzisha mashine za kutoa risiti za kodi, zilizojulikana kwa jina la ETR, katikati ya miaka ya 2000, ofisi nyingi zilizoea kumtaka muuzaji alete risiti ya mashine pamoja na ankara yake ndipo hundi iandikwe. Risiti, ambayo kwa kawaida hufuata malipo, ikawa inatangulia. Siku hizi ankara za kodi hutumwa kwa mfumo wa kielektroniki wa eTIMS, ulioanza mwaka wa 2023, lakini mazoea ya zamani hayajafutika katika vichwa vya makarani. Mtu aliyezoea kuambiwa “lete risiti tukulipe” akisoma “due on receipt” ataiona sentensi hiyo kuwa inaafikiana kabisa na utaratibu wa ofisi yake.

Siri imo katika vijineno

Kiingereza chenyewe hutenganisha maana hizo mbili kwa njia ambayo Kiswahili hakina, nayo ni vijineno “a” na “the”. Neno “receipt” likisimama bila kijineno chochote mbele yake, kama katika “on receipt”, huwa ni kitendo cha kupokea. Likitanguliwa na “a”, “the” au “your”, mara nyingi huwa ni karatasi. Mtu akiandika “We will pay on receipt of your invoice”, anasema watalipa wakishapokea ankara. Akiandika “We will pay when we get the receipt”, anasema watalipa wakishapewa risiti. Anayeandika “Payment due on the receipt”, kwa kudhani anaisahihisha sarufi, ameipotosha kauli yote.

Matumizi haya yasiyo na kijineno yapatikana pia katika barua za kiofisi. “We acknowledge receipt of your letter” ni kukiri kwamba barua imefika. “We are in receipt of your letter” ina maana hiyo hiyo, ingawa imekuwa kauli ya kizamani na haina haja ya kuigwa. Tofauti kati ya “on receipt” na “upon receipt” ni ya mtindo tu. Ya pili ina uzito kidogo wa kisheria masikioni, lakini haimwongezei mdaiwa wajibu wowote. Kinachopasa kuepukwa ni “due to receipt”, kwani “due to” ni kutaja sababu, wala si wakati.

Dosari kubwa ya kauli yenyewe ni kwamba haisemi kupokea nini. Je, ni kupokea ankara, au kupokea bidhaa? Vitanda vikifika tarehe 3 na ankara tarehe 17, tofauti ni wiki mbili. Dawa yake ni maneno matatu tu: “Payment is due on receipt of this invoice.” Kwa kutaja ankara, mwandishi amemfungia msomaji mlango wa kuwaza risiti, na amefunga pia mlango wa kubishania tarehe. Kama mpwa wa fundi angeongeza maneno hayo, karani yule hangekuwa na risiti ya kungojea.

Si haramu vilevile kuandika kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ankara isemayo “Malipo yafanywe mara ankara hii inapopokewa” ni ankara kamili. Kwa mteja ambaye ofisi yake hufanya kazi kwa Kiingereza, sentensi zote mbili zinaweza kuandikwa, moja chini ya nyingine.

Kuonyeshwa na muda

Tofauti kati ya deni la kulipwa papo hapo na deni la muda si ngeni katika mji huu. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa Mombasa na Unguja katika karne ya 19, kabla benki ya kwanza, National Bank of India, haijafungua shughuli zake Mombasa mwaka wa 1896, walipelekeana fedha kwa hundi. Hundi ilikuwa ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni “darshani”, kutokana na neno la Kihindi lenye maana ya kuona: hiyo ililipwa mara ilipoonyeshwa. Ya pili ni “muddati”, iliyolipwa baada ya siku zilizotajwa, na msomaji atatambua humo neno letu “muda”, kwa kuwa chimbuko lao ni moja, Kiarabu. Neno “hundi” lenyewe limebaki nasi kwa maana ya cheki. “Ankara” nalo latokana na Kihindi, katika neno linalohusu tarakimu. Mtu anayetembea Ndia Kuu leo akiwa na kitabu cha ankara kwapani amebeba maneno ya bahari nzima.

Waislamu wa mji huu wanaijua pia aya ya deni, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inayoagiza deni la muda maalumu liandikwe. Neno la kuzingatia hapo ni “maalumu”.

Kwa lugha ya leo, “on receipt” ni darshani, na “within 30 days” ni muddati. Lakini hata siku 30 zataka kuambiwa zianze wapi. “Within 30 days of the invoice date” huhesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu ya ankara. “Within 30 days of receipt of this invoice” huhesabiwa tangu ilipofika. Muuzaji hupenda ya kwanza na mnunuzi hupenda ya pili, na kila mmoja ana haki ya kupenda. La muhimu ni kuchagua. Kauli ya mkato “Net 30”, iliyoenea kutoka Marekani, ina maana ya jumla yote kulipwa ndani ya siku 30. Haifai sana hapa kwetu, kwa sababu karani aliyezoea neno hilo katika hati za mishahara anaweza kudhani ni kiasi kilichobaki baada ya makato.

Vitabu vya ankara vinavyouzwa tayari madukani mara nyingi huwa vimechapishwa “Accounts are due on demand”, maana yake deni lalipwa linapodaiwa. Hiyo nayo ni darshani kwa jina jingine. Sheria ya Kenya inayosimamia hundi na hati za aina hiyo, Sura ya 27, huihesabu hati isemayo “on demand” na ile isemayo “at sight” kuwa kitu kimoja, na hati isiyotaja wakati wowote nayo huhesabiwa ya kulipwa inapodaiwa. Tatizo huzuka pale mfanyabiashara anaponunua kitabu chenye kauli hiyo chini, kisha akagonga muhuri wa “30 days” juu. Karatasi moja yasema mambo mawili, na mwenye kulipa atashika lile linalompendeza. Lililochapishwa likatwe kwa kalamu.

Kando yake huwapo herufi “E. & O.E.”, ambazo wengi huzidhani ni jina la mpiga chapa. Ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba muuzaji amejihifadhia haki ya kurekebisha makosa na mambo yaliyosahaulika. Hazihusiani na tarehe ya kulipa.

Kuthibitisha kwamba imefika

Anayeandika “on receipt of this invoice” amejitwika mzigo mmoja: siku ya ubishi, yeye ndiye atakayetakiwa kuonyesha kwamba ankara ilipokewa, na lini. Hapa wafanyabiashara wadogo wa kisiwani hujidhulumu wenyewe. Wengi humtuma kijana na ankara, kijana akaiacha kwa mlinzi langoni au juu ya meza isiyo na mtu. Ankara na iwe na nakala, na nakala itiwe sahihi, jina na tarehe na aliyeipokea, ikiwezekana na muhuri wa ofisi. Ikitumwa kwa barua pepe, mpokeaji aombwe ajibu kwa mstari mmoja. Hata yule fundi, kama angekuwa na nakala iliyotiwa sahihi, asingepoteza miezi miwili ya kwanza akiulizwa aliiacha kwa nani.

Karatasi tatu zisichanganywe. Hati ya kufikishia mzigo, ambayo madukani huitwa delivari, husainiwa na mnunuzi kukiri kwamba bidhaa zimefika zikiwa salama. Ankara husema anadaiwa kiasi gani na kwa tarehe gani. Risiti hufuata pesa. Maneno “Received with thanks”, yaliyo katika kila kitabu cha risiti, ni ya karatasi hii ya tatu pekee. Muuzaji anayeyaandika juu ya ankara isiyolipwa, kwa kudhani ni adabu tu ya Kiingereza, ametia sahihi kwamba pesa amezipata, na kazi ya kuthibitisha kinyume chake itakuwa ngumu. Kwa malipo ya M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka wa 2007, ujumbe wa simu huwafikia mlipaji na mlipwaji papo hapo, na namba ya muamala iliyomo ndani yake yafaa kunakiliwa katika risiti.

Jambo jingine wasilolipenda wauzaji: masharti yaliyochapishwa chini ya ankara huweza kuwa yamechelewa. Ikiwa mapatano yalikwisha kufungwa, na bidhaa zikafikishwa, mnunuzi aweza kusema kwamba sharti la kulipa papo hapo hakuliona wala hakulikubali wakati wa kuagiza. Kauli ya malipo basi na iandikwe tangu mwanzo, katika barua ya kutaja bei, na muuzaji asome LPO anayopewa, kwani huenda humo mna siku 60 zilizoandikwa kwa herufi ndogo. Pale ambapo hapakutajwa lolote, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, huchukulia kwamba kukabidhi bidhaa na kulipa bei ni mambo yanayokwenda pamoja.

Kuchelewa kwa malipo kuna gharama zake hata mbele ya serikali. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kutoza VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16, hupaswa kuiwasilisha kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na wajibu huo huanza ankara inapotolewa au bidhaa zinapofikishwa hata kama mteja hajalipa. Ankara ya shilingi 100,000 kabla ya kodi, ikiandikwa tarehe 28 Machi, yamdai muuzaji shilingi 16,000 kufikia tarehe 20 Aprili. Mteja akikaa miezi minne akingojea risiti, muuzaji amemlipia kodi kutoka mfukoni mwake.

Barua ya kukumbusha

Tarehe ikipita, muuzaji huandika barua, na hapo maneno mawili huvurugwa. “Outstanding” ni deni ambalo halijalipwa, hata kama siku zake hazijafika. “Overdue” ni deni ambalo siku zake zimepita. Kumwandikia mteja wa siku 30 kwamba deni lake ni “overdue” siku ya 12 ni kumkosea heshima bila sababu. Kumwandikia “outstanding” siku ya 90 ni kumwambia kwamba hakuna haraka. Barua fupi hutosha: namba ya ankara, kiasi, siku iliyopokewa, na sentensi “Payment was due on receipt and is now overdue.” Haihitaji kuomba radhi, wala vitisho.

Mdaiwa asipojali, sheria ya mwaka wa 2016 iliunda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na kesi hutakiwa kumalizika ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Kwa madai ya mkataba, sheria ya ukomo wa muda, Sura ya 22, inampa mwia miaka 6 tangu haki yake ilipovunjwa. Miaka hiyo nayo haiwezi kuhesabiwa bila kujua deni lilipasa kulipwa lini, na swali hilo hurudi kwenye mstari ule ule wa chini ya ankara.

Fundi wa vitanda vya besera alilipwa siku mbili baada ya mpwawe kuandika upya mstari mmoja na karani kuusoma mbele yake. Risiti alimpa hapo hapo, ya kwanza katika kitabu kipya, na kwa kuwa karatasi ya kaboni ilikuwa imegeuzwa, nakala ilitoka nyuma ya ukurasa.